Luther Terry: daktari mvuta sigara aliyeiambia Marekani ukweli

Kila msimu wa kilimo unapokaribia, simu za kipindi chetu hujaa maswali ya tumbaku: pembejeo zitafika lini, makato ya chama cha ushirika ni kiasi gani, kuni za mabani zitatoka wapi. Kwa wakazi wa Urambo, Kaliua, Sikonge na kwingineko mkoani Tabora, jani hili limelipa ada za shule na kuezeka nyumba nyingi kwa bati. Hata hivyo, lipo swali jingine ambalo wasikilizaji hutuuliza kwa sauti ya chini kidogo: ilikuwaje serikali za dunia zikaamua kuitungia sigara sheria, wakati zenyewe zinakula kodi yake?

Jibu lake lina watu wengi ndani yake. Leo tumemchagua mmoja, kwa sababu maisha yake yanaonyesha jinsi kazi hiyo ilivyofanyika hatua kwa hatua, na jinsi ilivyokuwa ngumu. Jina lake ni Luther Terry. Alikuwa daktari wa moyo, mzaliwa wa kusini mwa Marekani, na yeye mwenyewe alikuwa mvutaji.

Mtoto wa Red Level

Luther Leonidas Terry alizaliwa Septemba 15, 1911, katika mji mdogo wa Red Level, jimbo la Alabama. Alisoma chuo huko huko Alabama, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Tulane, mjini New Orleans, na kuhitimu udaktari mwaka 1935.

Baada ya kufundisha vyuoni kwa miaka michache, mwaka 1942 alijiunga na hospitali ya Huduma ya Afya ya Umma mjini Baltimore. Hiyo ni idara ya serikali kuu ya Marekani inayoshughulikia afya ya wananchi. Baadaye alihamia taasisi ya serikali ya utafiti wa magonjwa ya moyo, huko Bethesda, karibu na Washington, ambako alijishughulisha na shinikizo la damu. Mwaka 1958 akawa mkurugenzi msaidizi wa taasisi hiyo.

Mwaka 1961, Rais John F. Kennedy alimteua kuwa Mganga Mkuu wa Serikali. Alikuwa na umri wa miaka 49.

Tukumbuke Marekani ilivyokuwa wakati huo. Watu wazima zaidi ya 40 katika kila 100 walikuwa wakivuta sigara. Walivuta ofisini, ndani ya ndege, na hata hospitalini. Askari waligawiwa sigara pamoja na chakula chao. Kwa miaka mingi kampuni zilikuwa zimetoa matangazo yenye picha za madaktari wakisifia sigara. Redioni na kwenye televisheni, sigara ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizotangazwa zaidi.

Barua kwa Rais

Tangu mwaka 1950, watafiti wa Uingereza na Marekani walikuwa wamechapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya mapafu wengi wao ni wavuta sigara. Kampuni za sigara nazo hazikukaa kimya. Januari 1954 zilinunua kurasa nzima katika magazeti zaidi ya 400, zikiwaambia wananchi kwamba jambo hilo halijathibitishwa na kwamba zenyewe zingegharamia utafiti. Tangu hapo, kila utafiti mpya ulipotoka, zilijibu kwa kutia shaka.

Juni 1961, vyama vinne vya afya, vikiwemo vya kupambana na saratani, magonjwa ya moyo na kifua kikuu, vilimwandikia Rais Kennedy barua. Viliomba iundwe tume ya kulichunguza suala la sigara. Ikulu haikuwa na haraka. Majimbo kama North Carolina, Kentucky na Virginia yalitegemea tumbaku, na wabunge wa kusini walikuwa na nguvu kubwa bungeni. Rais aliyetaka miswada yake ipite hakutamani kugombana nao.

Machi 1962, madaktari bingwa wa Uingereza walitoa ripoti yao wakisema wazi kwamba sigara inasababisha saratani ya mapafu. Miezi miwili baadaye, mwandishi mmoja wa habari alimuuliza Kennedy mbele ya kamera serikali yake inasemaje. Rais hakuwa na jibu, akaahidi kulitafuta. Juni 7, 1962, Terry alitangaza kwamba ataunda kamati.

Majina yaliyokatwa

Hapa ndipo tunapoona akili ya mtu huyu. Terry alijua kwamba ripoti ya kwanza ya serikali kuhusu sigara ingepigwa vita. Alijua pia kwamba wapinzani wangeanza na wajumbe: huyu alikuwa adui wa sigara tangu zamani, yule analipwa na fulani.

Basi mwezi uliofuata aliita kikao. Waliokuja walikuwa wawakilishi wa vyama vya afya, idara za serikali, na pia wawakilishi wa kampuni za tumbaku zenyewe. Waliwekewa mezani orodha ya wanasayansi zaidi ya 150. Kila upande ulipewa haki ya kukata jina lolote, bila kulazimika kueleza sababu. Aliyewahi kutoa msimamo hadharani kuhusu sigara, awe wa kuipinga au wa kuitetea, hakufaa.

Ni kama kesi ya mpaka wa shamba kijijini. Wazee wanaosuluhisha wakichaguliwa na upande mmoja, upande wa pili utakataa uamuzi hata kama ni wa haki. Pande zote zikiwakubali wazee hao tangu mwanzo, atakayeshindwa atakosa pa kulalamikia.

Walipatikana wanasayansi kumi. Watano kati yao walikuwa wavutaji. Terry akawa mwenyekiti.

Sharti la kutoegemea upande halikuwa la maonyesho tu. Mtu aliyekuwa ameteuliwa kuendesha shughuli za kamati alimdokeza mwandishi wa habari kwamba ushahidi unaelekea kuonyesha tumbaku ina madhara. Aliondolewa kabla kazi haijaanza. Alichokisema kilikuja kuthibitishwa, lakini alikisema kabla ya ushahidi kupimwa.

Kamati ilikutana tangu Novemba 1962 hadi Januari 1964, katika maktaba ya taifa ya udaktari huko Bethesda. Haikuanzisha utafiti mpya. Kazi yake ilikuwa kukusanya tafiti zilizokwisha kufanyika na kuzipima. Ilipitia makala zaidi ya 7,000, ikisaidiwa na washauri zaidi ya 150. Miongoni mwake zilikuwamo tafiti saba kubwa zilizofuatilia maisha ya wanaume zaidi ya 1,000,000.

Swali gumu lilikuwa hili: tutajuaje kwamba sigara ndiyo inayoleta ugonjwa, na si kwamba vitu viwili vimekutana tu? Wajumbe waliuliza mambo kadhaa. Je, matokeo ni yale yale kila mahali yalikopimwa? Je, anayevuta zaidi anaumia zaidi? Je, uvutaji unatangulia ugonjwa? Je, anayeacha anapata nafuu kuliko anayeendelea? Je, yote haya yanakubaliana na tunachokijua kuhusu mwili wa binadamu?

Jumamosi ya Januari 11

Kennedy hakuishi kuiona ripoti aliyoiruhusu. Aliuawa Novemba 22, 1963, na Lyndon Johnson akashika nafasi yake.

Terry alipanga siku ya kuitoa kwa uangalifu. Alichagua Jumamosi, Januari 11, 1964. Siku hiyo soko la hisa limefungwa, kwa hiyo bei za hisa za kampuni za sigara zisingeporomoka kwa kishindo. Na magazeti ya Jumapili, yanayosomwa na watu wengi zaidi, yangeibeba habari hiyo kurasa za mbele. Waandishi wapatao 200 waliingizwa katika ukumbi wa Wizara ya Mambo ya Nje mjini Washington, wakapewa ripoti yenye kurasa 387, milango ikafungwa, wakaachiwa muda wa kuisoma kabla ya kuuliza maswali.

Waliyoyasoma yalikuwa mazito. Wavuta sigara walikuwa na kiwango cha vifo kilichozidi cha wasiovuta kwa asilimia 70. Mwanamume mvutaji wa kawaida alikuwa na hatari ya kupata saratani ya mapafu mara tisa hadi kumi ya asiyevuta. Kwa anayevuta sana, hatari hiyo ilifika angalau mara 20. Sigara ilitajwa pia kuwa sababu kuu ya ugonjwa sugu wa njia za hewa, na wajawazito waliovuta walionekana kujifungua watoto wenye uzito mdogo.

Ripoti ilikuwa na mipaka yake. Kuhusu wanawake, ushahidi ulikuwa bado mchache. Kuhusu moyo, kamati iliona uhusiano lakini haikusema moja kwa moja kwamba sigara ndiyo chanzo. Na uvutaji iliuita mazoea, haikuuita uraibu. Kosa hilo lilikuja kusahihishwa rasmi na Mganga Mkuu mwingine mwaka 1988.

Na mwenyewe je? Terry alikuwa amevuta sigara kwa miaka mingi. Wakati ripoti ikiandaliwa aliziacha, akahamia kwenye kiko. Haikuwa rahisi kwake, sawa na isivyo rahisi kwa mzee yeyote wa hapa kwetu anayeambiwa aache leo.

Sheria yenye meno machache

Kujua ni jambo moja, kutunga sheria ni jingine. Mwaka 1965 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuweka onyo kwenye kila pakiti ya sigara, kuanzia Januari 1966. Ilikuwa hatua kubwa, lakini kampuni nazo zilipata chao. Onyo liliandikwa kwa maneno laini, likisema tu kwamba sigara huenda ikadhuru afya. Tena sheria ile ile ilizuia, kwa miaka kadhaa, mamlaka nyingine kulazimisha onyo kwenye matangazo. Yaani pakiti ilionya, lakini redio na televisheni ziliendelea kusifia.

Terry alitoka serikalini Oktoba 1965, akaenda Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia kusimamia masuala ya tiba. Angeweza kupumzika na ugomvi wa sigara. Hakupumzika. Aliongoza baraza lililounganisha vyama vya afya na idara za serikali katika suala la uvutaji, akaendelea kushinikiza matangazo yaondolewe.

Mwaka 1967 mamlaka ya utangazaji ya Marekani iliamua kwamba kituo kinachorusha matangazo ya sigara kitoe pia muda wa bure kwa ujumbe wa kuonya juu yake. Kwa mara ya kwanza wananchi walisikia pande zote mbili, na uvutaji ukaanza kushuka. Mwaka 1970 Rais Richard Nixon alisaini sheria ya kupiga marufuku matangazo ya sigara redioni na kwenye televisheni. Ilianza Januari 2, 1971. Haikuanza Januari 1, kwa sababu kampuni ziliachiwa siku moja ya mwisho ya kutangaza wakati wa mechi kubwa za Mwaka Mpya.

Sisi watu wa redio tunaielewa siku hiyo kuliko wengine. Tangazo ndilo linalolipa umeme wa mtambo na mshahara wa mtangazaji. Vituo vya Marekani vilipoteza fedha nyingi kwa sheria ile. Hata hivyo vilizoea, vikatafuta matangazo mengine, na redio haikufa.

Doa la Tuskegee

Hatutamsimulia Terry kana kwamba idara yake haikuwa na lawama. Tangu mwaka 1932, Huduma ya Afya ya Umma ilikuwa ikiwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, wengi wao wakulima maskini, huko Tuskegee, Alabama, jimbo alikozaliwa Terry. Takriban 400 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ukweli wa ugonjwa wao, na hata penisilini ilipopatikana hawakutibiwa, ili watafiti waone kaswende inavyoutafuna mwili. Mpango huo ulidumu hadi mwaka 1972, magazeti yalipoufichua.

Terry hakuuanzisha, wakati huo alikuwa kijana aliyekuwa bado akisomea udaktari. Lakini uliendelea miaka yote minne aliyokuwa Mganga Mkuu, chini ya idara aliyoiongoza. Idara ile ile iliyoita hata wapinzani wake mezani kuhusu sigara, huko Tuskegee ilifanya kazi bila jicho la mtu wa nje. Ndiyo maana tunaona namna alivyoiunda ile kamati ilikuwa na uzito sawa na matokeo yake. Serikali inahitaji watu wa nje wanaoweza kuikagua.

Miaka ya mwisho

Katika miaka yake ya mwisho Terry alipigania sehemu za kazi zisizo na moshi wa sigara. Alifariki Machi 29, 1985, mjini Philadelphia, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 73. Alizikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington.

Wakati ripoti yake inatoka, zaidi ya Wamarekani wazima 40 katika 100 walivuta. Leo ni chini ya 15. Kushuka huko hakukuletwa na ripoti peke yake. Kulitokana na kodi, marufuku, kesi mahakamani na elimu ya miongo kadhaa. Tangu mwaka 2000 tuzo yenye jina lake hutolewa katika mkutano wa dunia kuhusu tumbaku na afya, na miongoni mwa wanaopewa zimo wizara za serikali zilizofanya kazi nzuri ya kudhibiti tumbaku.

Na huku kwetu?

Mwaka 2003, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mkataba wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika Februari 2005. Kenya iliuridhia mwaka 2004, Tanzania na Uganda mwaka 2007. Tanzania ilikuwa na sheria yake ya bidhaa za tumbaku tangu 2003, Kenya ikatunga ya kwake 2007, na Uganda 2015. Nchini Kenya, kampuni kubwa ya sigara ilizipinga kanuni za 2014 mahakamani. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, iliyotupilia mbali rufaa hiyo Novemba 2019. Ukiisoma historia ya Terry, huwezi kushangaa kwamba kanuni zilichukua miaka mitano kuvuka mahakama.

Wapo wakulima wanaodhani mkataba huo umekuja kuwanyang'anya shamba. Haumzuii mtu kulima. Unadhibiti matangazo, uuzaji kwa watoto, moshi mahali pa watu wengi, na maonyo kwenye pakiti. Unazitaka pia serikali ziwasaidie wakulima wa tumbaku kupata njia nyingine za kipato zenye faida, na kulinda mazingira na afya ya wanaofanya kazi mashambani. Kipengele hicho cha wakulima ndicho tunachokisikia kwa nadra zaidi redioni, na hapo nasi tunakubali lawama yetu.

Katika kaunti ya Migori, Kenya, mashirika ya Umoja wa Mataifa yameshirikiana na serikali kuwasaidia wakulima kuhama kutoka tumbaku kwenda maharage yenye madini ya chuma kwa wingi, wakipewa mbegu, mafunzo na soko. Soko ndilo jambo kubwa. Mkulima wa Kaliua hatang'oa tumbaku yenye mnunuzi wa uhakika ili apande zao lisilo na mnunuzi, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu kwa hilo.

Wakati hayo yakisubiriwa, kuna jambo la kufanya msimu huu huu. Mtu anayevuna majani mabichi yenye umande au maji ya mvua, nikotini hupenya kwenye ngozi yake. Kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kichwa kuuma baada ya kuvuna si uchovu wa kawaida. Ngoja majani yakauke maji, vaa glovu na nguo za mikono mirefu, osha mikono kwa sabuni kabla ya kula. Na watoto wasipelekwe kuvuna wala kushona majani, kwa kuwa miili yao midogo huumia upesi zaidi.

Kama wewe ni mkulima uliyewahi kujaribu zao jingine badala ya tumbaku, au pamoja nayo, tutumie ujumbe utueleze ulipata nini, ulipoteza nini, na nani alinunua. Tungependa majibu hayo tuyapeleke mbele ya maofisa wa kilimo na wa afya wakiwa pamoja studio, nanyi mkisikiliza.